UZI: Star Trek: Picard na riwaya za 2001–2021. Nini kimevunjika, nini bado kinasimama

Mkondo_2373 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila tamthilia mpya ya Star Trek ikitoka, swali ni lile lile: riwaya zilizokwisha kusimulia miaka hiyo hiyo sasa zinakuwa nini? Jibu linalotolewa siku zote ni la mstari mmoja, "vitabu havihesabiki," na halimsaidii mtu aliyeshika kitabu mkononi. Naomba tulichambue hapa kwa majina na miaka.

Msingi kwanza. Kwa wenye haki ya Star Trek, historia rasmi ni ile iliyoonyeshwa kwenye skrini: tamthilia na filamu. Riwaya huchapishwa kwa leseni na Simon & Schuster, zamani kwa jina la Pocket Books na sasa Gallery Books. Mwandishi wa riwaya analazimika kufuata skrini, mwandishi wa tamthilia halazimiki kufuata riwaya. Kanuni hiyo haikuanza na Picard, ipo tangu zamani.

Mgongano wa 2020 ulikuwa mkubwa kwa sababu ya pengo. Deep Space Nine iliisha 1999, Voyager 2001, filamu ya Nemesis ikatoka 2002. Baada ya hapo skrini ikarudi nyuma: Enterprise ilikuwa ya karne ya 22, na filamu zilizoanza 2009 zikahamia mkondo mwingine wa wakati. Mbele ya Nemesis hapakuwa na mtu. Wahariri wa Pocket Books, Marco Palmieri akiwa mstari wa mbele, wakaingia humo. Mei 2001 zikatoka Avatar, kitabu cha 1 na cha 2, za S. D. Perry, zikiiendeleza Deep Space Nine pale ilipoishia.

Riwaya za zamani zilikuwa na desturi ya kurudisha kila kitu mahali pake ukurasa wa mwisho, ili kitabu kinachofuata kianze upya. Hizi za 2001 zilikumbukana. Aliyekufa alibaki amekufa kitabu kinachofuata, aliyepanda cheo alibaki nacho, na jeraha la kitabu hiki lilikuwa kovu kwenye kingine. Hadi 2019 walikuwa wamejenga historia ya miaka kumi hivi ya ndani ya simulizi, kuanzia 2376 hadi karibu 2387.

Januari 23, 2020 ikaanza Star Trek: Picard, tamthilia ya Jean-Luc Picard, nahodha wa zamani wa Enterprise. Simulizi yake iko 2399, lakini inaeleza mambo ya nyuma, ikiwemo shambulio la Mars la 2385. Yaani miaka ile ile.

---

BintiMaktaba

Asante mkuu kwa uzi. Kabla hatujafika mbali, naomba mwenye kujua aeleze hasa nini kimegongana na nini. Watu husema "vitabu vimefutwa" kwa ujumla tu, bila kutaja.

---

RafuYaTatu

Dada BintiMaktaba, nianze na Borg, jamii ya nusu mtu nusu mashine inayowameza wengine, maana ndipo penye mzigo wote.

Trilojia ya Destiny ya David Mack (Gods of Night, Mere Mortals, Lost Souls, zote za 2008) iliwamaliza Borg moja kwa moja. Walifanya uvamizi wa mwisho, wakaua mabilioni ya watu, kisha jamii nzima ikafyonzwa na kubadilishwa na Wacaeliar, viumbe wenye teknolojia ya juu mno. Hakubaki mchemraba (ndicho chombo chao) wala malkia. Sasa angalia kilichojengwa juu ya hilo: Shirikisho la sayari, lile la mashujaa wetu, linatoka vitani likiwa hoi, wapinzani wake wanaungana na kuunda Typhon Pact (vitabu vya 2010 na kuendelea), Andor inajitoa kwenye Shirikisho katika Paths of Disharmony ya Dayton Ward (2011), na kituo chenyewe cha Deep Space 9 kinalipuliwa katika vitabu vya David R. George III vya 2012. Kila kimoja kimeegemea Destiny. Ukiitoa, huwezi kuvibakiza hivyo vingine.

Picard, kwa upande wake, msimu wa 1 inaonyesha mchemraba wa Borg ulio mikononi mwa Waromulani, watu wakiutoa vifaa na kuwatibu waliokuwa wamemezwa. Msimu wa 3 (2023) Malkia mwenyewe ndiye adui wa mwisho. Hapo hakuna kiraka kinachoshika.

Data, yule roboti mwenye umbo la mtu. Alikufa katika Nemesis, 2379. Riwaya za Cold Equations (2012) zilimrudisha kwenye mwili ambao muumba wake, Noonien Soong, alikuwa amejitengenezea. Picard msimu wa 1 inasema kilichobaki ni fahamu tu ndani ya mashine, na Data mwenyewe anaomba izimwe.

Picard mwenyewe. Kwenye riwaya alimwoa Beverly Crusher, wakapata mtoto wa kiume, René. Kwenye skrini ni mzee asiye na mke, amejitenga kwenye shamba la mizabibu, na msimu wa 3 anagundua kwamba Beverly alimzaa Jack na kumlea bila yeye kujua. Watu wawili walewale wana mtoto wa kiume pande zote mbili, lakini maisha yao hayafanani hata kidogo.

Riker na Troi, mume na mke waliokuwa maofisa wa Picard: riwaya zinawapa binti, Natasha. Skrini inawapa Thad, aliyefariki, na Kestra.

Na lipo moja linalosahaulika, nalo kwangu ndilo linalouma zaidi: Ro Laren, ofisa wa zamani wa Picard aliyeasi. Avatar ilimrudisha kama mkuu wa usalama wa Deep Space 9, na kwa miaka zaidi ya kumi ya vitabu akapanda hadi kuwa nahodha na kushika kituo. Ni mojawapo ya safari ndefu na zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zote katika mkondo ule. Msimu wa 3 wa Picard unaeleza kwamba alijisalimisha, akafungwa, kisha akachukuliwa na idara ya ujasusi, na anakufa humo humo. Hakuna nafasi ya kuunganisha.

---

Nahodha_wa_Kiti

Ongezea Kira, mkuu, yule Mbajor anayeongoza kituo cha Deep Space 9. Katika Unity (2003) Bajor inaingia kwenye Shirikisho na Kira anavaa sare ya Starfleet, kikosi cha anga cha Shirikisho, kama nahodha. Lower Decks ya 2022 inapotembelea kituo kile, mwaka wa simulizi ni 2381, Kira bado ni kanali na sare ni ya Bajor. Tena kituo ni kile kile cha zamani.

Na Janeway, nahodha wa Voyager kwenye tamthilia: alikufa katika Before Dishonor (2007), akarudishwa na Kirsten Beyer katika The Eternal Tide (2012), akaongoza msafara wa kurudi Delta Quadrant. Star Trek: Prodigy, iliyoanza 2021, inamweka Janeway kwenye chombo cha Dauntless akimtafuta Chakotay, msaidizi wake wa zamani, aliyepotea na chombo cha Protostar. Wakati huo huo wa vitabu Chakotay ni nahodha wa Voyager.

Kwa hiyo tukisema "Picard iliua vitabu" tunapunguza hesabu. Ni tamthilia tatu kwa pamoja, kila moja ilikata upande wake: Picard ilikata vitabu vya Enterprise na vya Titan (chombo cha Riker), Prodigy ikakata Voyager, Lower Decks ikakata Deep Space Nine.

---

HolokroniYaKale

Mimi nadhani Star Wars walifanya uungwana zaidi. Aprili 25, 2014 walitangaza waziwazi: yote ya zamani yanapewa jina la Legends, na kuanzia riwaya ya A New Dawn (Septemba 2014) kila kitu, kitabu, komiki, tamthilia, kina uzito sawa. Msomaji anajua anachonunua. Kwenye jalada la zamani kuna bango la Legends, limekwisha. Star Trek waliwaacha wasomaji wao hewani karibu miaka miwili, toka Picard ianze mpaka walipotoa hitimisho.

---

FundiMswada

Mkuu Holokroni, bango ni jambo jema, nakubaliana nawe. Ila ile ahadi ya "uzito sawa" haikuweza kuizuia runinga, na inafaa kuona kwa karibu ilivyovunjika.

Komiki ya Kanan (2015) inaonyesha namna mwalimu wake, Depa Billaba, alivyouawa kwenye sayari ya Kaller. Ni usiku, wamepiga kambi, Jedi na askari wa kloni wamekaa kuzunguka moto wakizungumza kama jamaa. Amri ya kuwaua Jedi inafika. Wale wale waliokuwa wanaota moto nao wanageuza bunduki. Nguvu yote ya tukio iko kwenye huo ukaribu wa moto. Mei 4, 2021 The Bad Batch ikafungua kwa tukio hilo hilo, Kaller hiyo hiyo: ni mchana, theluji, vita ndiyo kwanza imetulia, na kikosi cha Clone Force 99, ndio Bad Batch wenyewe, kipo pale. Hakuna moto wala kambi.

Riwaya ya Ahsoka ya E. K. Johnston (2016) nayo: Ahsoka amejificha kwenye mwezi wa Raada kati ya wakulima, anapambana na Inquisitor (mwindaji wa Jedi), na kutoka kwa fuwele za adui huyo anapata panga zake nyeupe. Oktoba 2022 Tales of the Jedi ikasimulia habari hiyo kwa njia nyingine: kijiji kingine, watu wengine, pambano fupi ambalo Ahsoka analimaliza bila kuingia na silaha yake. Vyote viwili bado vinaitwa rasmi.

Kwa maoni yangu hali hiyo ni ngumu kwa msomaji kuliko ya Star Trek. Kule Star Trek ukijua kanuni, unajua skrini imeshinda. Star Wars imekwambia viwili vinavyopingana ni kweli vyote, halafu ikakuachia kazi ya kusawazisha.

---

HolokroniYaKale

Hapo umenishika, mkuu. Na kabla ya 2014 kulikuwa na ngazi kabisa kwenye kanzidata yao, ile iliyokuwa ikisimamiwa na Leland Chee: G kwa filamu za Lucas, T kwa tamthilia, C kwa vitabu na komiki, S kwa mambo ya pembeni, N kwa yasiyohesabika. Ngazi ile ilikuwa na ukweli wake, ilikiri kwamba T iko juu ya C. Mwaka 2010 The Clone Wars ilipoonyesha Mandalore ya watu wanaokataa vita, riwaya za Karen Traviss zilizojenga Wamandalore wa aina nyingine kabisa zilikatwa hivyo hivyo, ila angalau ngazi ilikuwa inajulikana.

---

BintiMaktaba

Nina swali kwa FundiMswada. Ninaelewa kitabu cha 2008 kugongana na tamthilia ya 2020, hawakuweza kujua. Lakini kwa nini hata vitabu vinavyoandikwa sambamba na tamthilia, kwa ushirikiano na waandishi wake, bado vinapishana nayo?

---

FundiMswada

Ni suala la ratiba, dada. Riwaya ya leseni inapita hatua hizi: mwandishi anatoa wazo la kurasa chache, mhariri anakubali, linakwenda kwa mwenye haki aliridhie. Kisha muhtasari mrefu, sura kwa sura, nao unakwenda kuridhiwa. Ndipo mswada unaandikwa, unasomwa na mhariri, unapelekwa tena kwa mwenye haki, unasahihishwa lugha, unapangwa kurasa, unachapwa, unasafirishwa madukani. Kutoka wazo hadi dukani ni kawaida kumaliza mwaka, wakati mwingine zaidi. Mswada ukishafungwa kwa ajili ya kuchapwa, kubadilisha sura nzima ni gharama ambayo mchapishaji haibebi.

Tamthilia haifungwi hivyo. Msimu wa 2 unaandikwa baada ya msimu wa 1 kuonekana, waandishi wakuu wanabadilishwa, na mazungumzo ya mhusika yanaweza kuandikwa upya wiki ya kurekodi, hata kwenye meza ya kuhariri picha.

Mfano ni Desperate Hours ya David Mack, riwaya ya kwanza ya Discovery, Septemba 2017. Iliandikwa kwa kushauriana na waandishi wa tamthilia, Kirsten Beyer akiwa kiungo. Inamkutanisha Michael Burnham na Spock kikazi, na wanaelewana kwa namna fulani. Kwa msimu wa 1 hakukuwa na tatizo, Spock hakuonekana. Januari 2019 msimu wa 2 ukaanza, na kiini chake ni kwamba Burnham na Spock hawajasemezana kwa miaka mingi kwa sababu ya jeraha la utotoni. Kitabu kikawa kimepitwa chini ya miaka miwili. Hapakuwa na uzembe wa mtu. Msimu wa 2 haukuwa umebuniwa mswada ulipofungwa.

Kwa hiyo waandishi wenye uzoefu wana mbinu zao. Ya kwanza ni kuandika mahali ambapo skrini imekwisha kupita na haina sababu ya kurudi. The Enterprise War ya John Jackson Miller (2019) inaeleza Enterprise ya Pike ilikuwa wapi wakati wa vita vya Klingon, jambo ambalo tamthilia ililiacha kwa sentensi moja. Ya pili ni kumchukua mhusika mmoja na kipindi kilichofungwa pande zote mbili. The Last Best Hope ya Una McCormack (Februari 2020) inaanza 2381 na kukoma na shambulio la Mars 2385, na mwisho wake tulishauona kwenye tamthilia, kwa hiyo mwandishi alijua mlango wa kutokea. Firewall ya Mack (2024) inamfuata Seven, yule wa Voyager aliyekuwa Borg, toka aliporudi duniani mpaka kujiunga na Fenris Rangers, walinzi wa kujitolea. Ya tatu ni kujaza wahusika wapya kwenye chombo kisichojulikana. Hao hakuna tamthilia itakayowagusa.

Na jambo linalovunja kitabu haraka kuliko yote ni mazungumzo ya hisia kati ya wahusika wakuu wawili: upatanisho, kukiri mapenzi, kusameheana. Vita na sayari ngeni husameheka, kwa sababu tamthilia haina haja nazo. Upatanisho tamthilia inautaka kwa ajili yake.

---

Mkondo_2373

Huu uchambuzi wa mwisho naomba watu wausome mara mbili. Destiny ilidumu miaka 12 kwa sababu skrini haikuwa na mtu karne ile. Desperate Hours ilikuwa inakaa nyumba moja na tamthilia.

Tuje kwenye Coda, vitabu vilivyoufunga mkondo wa riwaya.

Collateral Damage ya Mack (Oktoba 2019) ilimaliza shauri la Picard kuhusika na kuondolewa kwa Min Zife, Rais wa Shirikisho, lililokuwa likining'inia tangu vitabu vya 2004. To Lose the Earth ya Beyer (2020) ikamaliza msafara wa Voyager. Lakini mkondo wenyewe haukuwa na mwisho. Dayton Ward, James Swallow na David Mack wakaandika Star Trek: Coda, vitabu vitatu vya miezi mitatu mfululizo, Septemba, Oktoba na Novemba 2021: Moments Asunder, The Ashes of Tomorrow, Oblivion's Gate.

(Anayetaka kuzisoma bila kujua mwisho aruke mpaka posti inayofuata.)

Adui ni Wadevidia, wale wa Time's Arrow ya 1992 wanaokula nguvu ya wanaokufa. Sasa wanaharibu mikondo mizima ya wakati ili wale. Mashujaa wetu wanagundua kwamba wao wenyewe wanaishi kwenye kijiti kilichochomoka kutoka mkondo mkuu mwaka 2373, pale Borg waliporudi nyuma hadi 2063 kwenye filamu ya First Contact. Ili mikondo mingine ipone, kijiti hiki hakipaswi kuwa kimewahi kuwepo. Wanaamua wenyewe kukimaliza.

Kwangu uamuzi huo una heshima. Wahusika waliobebwa miaka 20 hawakufutwa na tangazo la ofisi. Walipewa nafasi ya kuchagua, na waandishi waliowalea ndio waliowaaga.

---

RafuYaTatu

Hapa sikubaliani nawe, mkuu, na nasema kwa kuvipenda vitabu hivi. Kwa ufundi, haikuwa lazima. Mikondo sambamba ipo Star Trek tangu 1967. Filamu ya 2009 ilitengeneza mkondo mwingine bila kuufuta wa kwanza. Ingetosha kusema "riwaya ni mkondo mmoja, tamthilia ni mwingine," na milango ibaki wazi. Coda ilipoamua kufuta, ilifunga hata vyumba ambavyo tamthilia haikuvigusa. Na vifo vya kitabu cha 1 ni vingi na vya haraka mno. Mtu aliyesoma safari ya mhusika kwa vitabu kumi anampoteza ndani ya kurasa chache.

Ila naikubali sehemu moja: tarehe ya kuchomoka. Kuchagua 2373 ni kazi ya mtu anayejua hesabu. Iko kabla ya Avatar (2376), kabla ya Voyager kurudi, kabla ya Titan kwenda safari. Kila kilichogongana kiko upande wa pili wa tarehe hiyo.

---

Nahodha_wa_Kiti

Na hilo lina matumizi. Riwaya ambayo simulizi yake yote iko kabla ya 2373 haiguswi na Coda kabisa. Vanguard, kwa mfano, kuanzia Harbinger (2005) hadi Storming Heaven (2012), iko miaka ya 2265 hadi 2268. Ipo kabla ya njia panda, kwa hiyo ni ya mikondo yote miwili. Kilichobaki ni kuipima na Discovery na Strange New Worlds tu.

---

BintiMaktaba

Basi naomba njia ya kupima. Mtu akikuta riwaya ya Star Trek kwenye duka la mitumba au akaiona mtandaoni kwa bei nafuu, ataangalia nini?

---

Nahodha_wa_Kiti

Angalia miaka miwili, dada, na usiichanganye.

Mwaka wa kwanza ni wa kuchapishwa, upo ukurasa wa hakimiliki. Soma ule wa toleo la kwanza. Nakala za kielektroniki na matoleo ya jalada jipya huweza kukupotosha. Mwaka wa pili ni wa simulizi. Riwaya nyingi za kuanzia 2001 zina dokezo la mwanahistoria kwenye kurasa za mwanzo kabla ya sura ya kwanza: aya moja inayosema hadithi inatokea lini na baada ya tukio gani la kwenye skrini. Ukikuta limetaja tukio la riwaya nyingine badala ya tamthilia, ujue umeingia katikati ya mkondo.

Sasa linganisha. Simulizi ya kabla ya 2373: iko salama na Coda. Simulizi ya 2376 hadi 2387 na kitabu kimechapishwa kabla ya 2020: ni ya mkondo wa riwaya, isome hivyo. Simulizi ya miaka hiyo hiyo lakini kitabu kimechapishwa 2020 na kuendelea: angalia jalada. Jina la Picard kama mfululizo, mfano The Last Best Hope au The Dark Veil (2021), linamaanisha kinafuata tamthilia. Jina la Coda au la msafara wa Voyager linamaanisha mkondo wa zamani. Hapa ndipo wengi wanapokosea: 2020 na 2021 vitabu vya mikondo yote miwili vilikuwa madukani kwa pamoja, vikimhusu Riker yule yule kwenye Titan ile ile.

Kuna vya kati ambavyo vinakaa vizuri popote. A Stitch in Time ya Andrew J. Robinson (2000), aliyeigiza Garak mwenyewe, ni moja. The Never-Ending Sacrifice ya McCormack (2009) ni nyingine: inamfuata mvulana Rugal akirudishwa Cardassia, na tamthilia haijawahi kumgusa tena.

---

TovutiYaMlimani

Mbona hatusemi kilichotoka vitabuni kwenda kwenye skrini? Mto huu una maji yanayorudi pia.

Jina Hikaru la Sulu lilitoka kwenye riwaya ya Vonda N. McIntyre, The Entropy Effect (1981), likatamkwa kwenye filamu 1991. Nyota, jina la kwanza la Uhura, lilipendekezwa kwenye kitabu cha William Rotsler cha 1982 na likawa rasmi kwenye filamu ya 2009. Una, msaidizi wa Pike, aliitwa hivyo kwenye vitabu vya Legacies (2016) kabla Strange New Worlds haijamwita Una Chin-Riley. Control, akili bandia iliyo nyuma ya Section 31 (idara ya siri ya ujasusi), ni ya riwaya ya Mack ya 2017. Discovery ikaitumia 2019 kwa jina hilo hilo na historia nyingine.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote: chombo cha Titan. Nemesis ilitaja tu kwamba Riker anakwenda kukiongoza, hatukukiona. Riwaya zilipoanza 2005, wachapishaji waliendesha shindano la kukisanifu, na mchoro wa Sean Tourangeau ukashinda. Ulionekana kwenye kitabu. Oktoba 2020, mwisho wa msimu wa 1 wa Lower Decks, Titan inaibuka kuokoa jahazi, na ni mchoro ule ule. Kazi ya kitabu ikawa historia rasmi, miaka 15 baadaye.

---

Mkondo_2373

Asante, mkuu. Na tazama vilivyovuka: majina na umbo la chombo. Vitu hivyo mwandishi wa tamthilia anaviokota bila kubeba mzigo wa simulizi. Ndoa ya Picard, uanachama wa Bajor au mwisho wa Borg vingemlazimisha mtazamaji kusoma vitabu vingi ili aelewe.

---

BintiMaktaba

Kwa kuwa Uhura ametajwa: Strange New Worlds imebadilisha chochote kwenye vitabu vyake?

---

TovutiYaMlimani

Ndiyo. Sehemu ya 2 ya msimu wa 1 (2022) inaeleza kwamba anatoka Kenya, wazazi wake walifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na wao pamoja na kaka yake walikufa katika ajali ya chombo kabla hajaingia Starfleet. Kwa hiyo riwaya yoyote inayomwonyesha akiwa ofisa huku wazazi wako hai nyumbani imekwisha kupitwa. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya kitabu kwa kawaida: barua, simu, ziara ya likizo. Hadithi yenyewe haianguki.

---

HolokroniYaKale

Kwa kifupi tu, wa Doctor Who nao wana njia yao: BBC haijawahi kuweka orodha ya kilicho rasmi. Riwaya ya Human Nature ya Paul Cornell (1995) ina Daktari wa 7 mwaka 1914. Mwandishi huyo huyo akaigeuza kuwa tamthilia 2007, Daktari wa 10, mwaka 1913. Hakuna aliyetangaza ipi imeshinda, na wasomaji wameishi hivyo.

---

MgeniWaDestiny

Wakuu, nimefuatilia uzi wote. Nataka kuanza mkondo wa riwaya nikijua kwamba tamthilia imeuacha. Naweza kuanza na Destiny moja kwa moja, au lazima nianzie Avatar? Na nikitaka uti wa mgongo tu hadi Coda, ni vitabu vingapi?

---

RafuYaTatu

Karibu. Destiny unaweza kuianza moja kwa moja ukiwa umeona First Contact na Nemesis. Usiowajua ni wahusika wa Titan na wa Aventine, chombo cha Ezri Dax, na Mack anawatambulisha mwenyewe. Erika Hernandez, nahodha wa chombo cha Columbia, ni wa tamthilia ya Enterprise, na kitabu kinaeleza kisa chake toka mwanzo.

Uti wa mgongo, kwa mpangilio: Destiny (3), Paths of Disharmony (1), Plagues of Night na Raise the Dawn (2), Cold Equations (3), The Fall (5), Section 31: Control (1), Available Light (1), Collateral Damage (1), Coda (3). Jumla 20. Msiruke Control kwa kudhani ni ya pembeni. Kufichuliwa kwa Section 31 ndiko kunakoleta mashtaka ya Picard kwenye vitabu viwili vinavyofuata, na usipokisoma utajiuliza hasira yote ile imetoka wapi.

The Fall ina waandishi watano tofauti na inasomwa kwa mpangilio wa kutoka: Revelation and Dust, The Crimson Shadow, A Ceremony of Losses, The Poisoned Chalice, Peaceable Kingdoms. Kitabu cha 1 ni kizito na kina sura ndefu za Kira ambazo hazihusiani na kisa kikuu. Wengi wanakwama hapo. Vumilia, au soma sehemu za kituoni kwanza, kisha cha 2 cha McCormack kitakubeba.

Avatar na vya Deep Space Nine vilivyofuata viache kwa mzunguko wa pili, hasa kama unampenda Ro.

---

Nahodha_wa_Kiti

Na kabla ya Coda, tazama tena Time's Arrow, sehemu zote mbili. Kitabu cha 1 hakitumii muda mrefu kumweleza Mdevidia ni nani.